Kupanda milima kwa kikundi: Tembea kwa hatua ya aliye nyuma

Siku hizi si ajabu kusikia wafanyakazi wa afisi moja, wanachama wa chama cha akiba au vijana wa kanisa wakipanga kwenda kupanda milima wakati wa likizo. Wanachanga pesa, wanakodi matatu, wanatafuta kiongozi anayezijua njia, kisha wanatembea kwa miguu siku mbili au tatu. Ni jambo la kusifiwa. Anayeshinda kitini kutwa nzima, Jumatatu hadi Ijumaa, ana haja kubwa ya kuinyosha miguu yake.

Lakini msomaji, safari ya namna hii si sawa na matembezi ya Jumapili jioni. Katika kikundi cha watu kumi na wawili huwa mna kijana anayecheza kandanda kila wiki, mna mama wa miaka 50 mwenye shinikizo la damu, na mna karani ambaye zoezi lake kuu ni kutoka mlangoni hadi kituo cha matatu. Wote watapanda mlima mmoja, siku moja, chini ya jua moja.

Katika somo la leo tutaangalia safari ya siku tatu katika milima ya Homa Bay na Migori. Tutajifunza jinsi ya kuuandaa mwili na jinsi ya kutembea pamoja. Zaidi ya yote, tutaona kwamba adui mkubwa wa mtembezi si mlima. Adui ni ile haya inayomzuia mtu kusema, "Nimechoka, naomba tusimame."

MILIMA YENYEWE

Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kando ya mji wa Homa Bay kuna kilima cha Asego, ambacho wenyeji hukiita Got Asego. "Got" ni mlima kwa Kijaluo. Hicho kinafaa kwa siku ya kwanza, ili kila mtu ajipime. Kaskazini, huko Karachuonyo, kuna Mlima Homa wenye urefu wa mita 1,751. Magharibi kuna milima ya Gwassi, ambayo hupita mita 2,200. Kati ya Gwassi na genge la Kanyamwa kuna bonde la Lambwe na Mbuga ya Kitaifa ya Ruma. Ukiingia Kaunti ya Migori utafika Thimlich Ohinga, boma la kale la kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, lililotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2018.

Utaona kwamba milima hii si mirefu kama Mlima Kenya. Ugonjwa wa kukosa hewa ya kutosha milimani kwa kawaida huanza kuwasumbua watu wakipita mita 2,500. Kwa hiyo hapa hatari si wembamba wa hewa. Hatari ni joto la ziwani, kiu, magoti, mbu na haraka.

HESABU YA SAA

Mwaka wa 1892 mpanda milima mmoja wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo hutumiwa hadi leo. Hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda kwenda juu.

Tuitumie. Tuseme mnapanda Mlima Homa kutoka karibu na ufuo wa ziwa. Mtapanda mita 617 hivi, yaani saa moja ya nyongeza. Ikiwa njia mliyochagua ni kilomita 10 kwenda na kurudi, hizo ni saa mbili. Jumla ni saa tatu. Lakini kanuni hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi ambaye hapumziki. Kwa kikundi cha watu mchanganyiko, ongeza nusu yake, ziwe saa nne na nusu, kisha weka saa moja ya kupumzika na kula.

Mkiondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtakuwa mmerudi chini yapata saa sita mchana. Mkichelewa kwa chai na picha mkaondoka saa nne, mtakuwa mteremkoni wakati wa jua kali, na huenda mvua ya radi ya alasiri, ambayo ni ya kawaida kandokando ya ziwa, ikawakuta mahali pasipo na pa kujificha. Basi kuamka mapema ni sehemu ya matibabu.

MTU WA MWISHO HAPUMZIKI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Hebu litazame kundi la watu kumi na wawili likipanda.

Wenye nguvu wako mbele. Wanafika penye mti, wanaketi, wanakunywa maji na kupiga soga dakika kumi. Karani wetu anafika wa mwisho, anahema, shati limeloa. Wenzake wanampigia makofi: "Umefika! Haya, twende!" Wote wanasimama. Naye, kwa kuona haya, anainuka pamoja nao. Hakuketi wala hakunywa maji.

Jambo hilo likirudiwa mara tatu, wenye nguvu wamepumzika nusu saa na aliyechoka hajapumzika hata dakika moja. Tena hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Ndivyo kikundi kisichokuwa na utaratibu kinavyofanya kazi: anayehitaji pumziko zaidi ndiye anayelikosa. Mwili wake unazidi kupata joto, maji yanapungua, miguu inalegea, na mteremkoni ndipo anapoanguka.

Dawa yake ni kanuni nne. Zisomwe kwa sauti kabla ya kuondoka, kila mtu akisikia:

1. Pumziko huanza kuhesabiwa mtu wa mwisho anapoketi, si wa kwanza anapofika.

2. Anayetembea polepole zaidi hukaa nyuma tu ya kiongozi. Hapo yeye ndiye huweka mwendo, na hakuna anayemwona kuwa mzigo.

3. Mtu mmoja mwenye uzoefu hukaa nyuma kabisa. Hakuna anayebaki nyuma yake, hata anayejisaidia kichakani.

4. Watu huhesabiwa katika kila kituo na katika kila njia panda.

Kipimo cha mwendo ni rahisi. Ukiwa unapanda, uweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa, mwendo ni mkali kwako. Mwambie kiongozi waziwazi: "Kiongozi, naomba tupunguze mwendo." Kiongozi mwema atakushukuru, kwa sababu ni kazi ndogo kumpunguzia mtu mwendo, na ni kazi kubwa kumbeba kwa machela kutoka genge la Kanyamwa.

SEMA KABLA YA SAFARI

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kiongozi wa safari hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua. Wiki kadhaa kabla ya safari, mwone daktari wako ikiwa una mojawapo ya haya: shinikizo la damu, kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo, mimba, au ikiwa umewahi kuumwa na kifua au kuzirai ulipofanya kazi ya nguvu. Kisha mweleze kiongozi, hata kama ni kwa faragha.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au tembe za kushusha sukari ajue kwamba kutembea saa nyingi hushusha sukari zaidi. Abebe glukosi au peremende mfukoni, si ndani kabisa ya shanta, na amwonyeshe mwenzake ziliko. Mwenye dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo amuulize daktari jinsi ya kuzitumia kwenye joto. Asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, unajulikana sana katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya. Mwenye ugonjwa huo asiende bila ruhusa ya daktari wake. Hata aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haugui, anapaswa kunywa maji ya kutosha na kuepuka kukimbizana na wenzake juani.

WIKI SITA ZA MATAYARISHO

Mwili hauwezi kuandaliwa kwa usiku mmoja. Anza wiki sita kabla.

Wiki ya 1 na ya 2: Tembea dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Shuka matatu vituo viwili kabla ya kwako.

Wiki ya 3 na ya 4: Ongeza ngazi. Panda na ushuke orofa nne mara tano, siku tatu kwa wiki. Jumamosi tembea muda wa saa mbili.

Wiki ya 5: Jumamosi tembea muda wa saa nne ukiwa na shanta ya kilo 5 na viatu vilevile utakavyosafiri navyo. Aliye Nairobi anaweza kwenda milima ya Ngong pamoja na wenzake. Aliye Kisumu ana vilima vya Riat. Aliye Mombasa, ambako ni tambarare, atumie ngazi.

Wiki ya 6: Punguza. Tembea kidogo, lala vya kutosha.

Usiidharau kazi ya kushuka. Watu wengi hudhani kwamba wakifika kileleni kazi imekwisha. Kumbe unaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: inavutwa huku ikikaza ili usiporomoke. Kazi hiyo huichubua misuli isiyozoea, na maumivu huja kesho yake au siku ya tatu, wakati ambapo bado una mlima mwingine wa kupanda. Ndiyo maana tumesema panda na ushuke ngazi, bila kutumia lifti kurudi chini.

Viatu vipya viachwe nyumbani. Kiatu kiwe kimezoea mguu wako, kiwe na nafasi mbele ya vidole, na kucha zikatwe mapema. Ukisikia mahali panawaka ndani ya soksi, simama papo hapo ubandike plasta. Ukingoja dakika ishirini kwa sababu ya haya, utakuwa na lengelenge la siku tatu.

JOTO NA MAJI

Aliyezoea baridi ya Nairobi au Nyeri ajue kwamba mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Safari ya siku tatu huisha kabla haujazoea. Kwa hiyo siku ya kwanza iwe fupi. Vaa kofia pana na shati jepesi la mikono mirefu.

Kunywa maji kidogo kidogo kila mnaposimama, kabla ya kiu kukuzidi. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Lakini pia usijishindilie maji matupu lita baada ya lita, kwa maana jasho hutoa chumvi, na maji mengi bila chumvi yanaweza kukuletea kichefuchefu, kuumwa na kichwa na hata kuchanganyikiwa. Kula kitu chenye chumvi. Kwa anayetapika au kuendesha, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa.

Zijue dalili hizi mbili na uzitofautishe. Mtu mwenye jasho jingi, kizunguzungu na udhaifu amechoshwa na joto: mlaze kivulini, miguu juu, mpe maji. Lakini mtu aliyeanza kusema ovyo, kupepesuka kama mlevi au kuzirai, na mwili wake ni moto, yu hatarini kufa. Msingoje. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, wekeni vitambaa vilivyoloa shingoni na kwapani, na apelekwe hospitali huku mkiendelea kumpoza. Msimnyweshe chochote akiwa hana fahamu zake.

MBU, MBUNG'O NA ZIWA

Eneo la ziwa lina malaria mwaka mzima. Aliyekulia mahali pasipo na malaria hana kinga. Hata wewe uliyezaliwa Ndhiwa au Rongo, ukiwa umeishi Nairobi miaka mingi, kinga yako imepungua. Mwone daktari mapema akuchagulie dawa ya kuzuia. Kuna tembe zinazoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, na nyingine wiki mbili au tatu kabla. Zote huendelea kumezwa baada ya kurudi. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na jioni vaa nguo ndefu.

Bonde la Lambwe lilijulikana zamani kwa ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tishio kwa afya ya umma. Hata hivyo mbung'o huuma mchana na kuuma kwake ni kuchungu. Wadudu hao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo chagua nguo za rangi ya udongo. Ndani ya Ruma mna nyati na faru. Msitembee humo kwa miguu bila askari wa KWS.

Baada ya kutembea, maji ya ziwa huonekana matamu kwa kuoga. Jizuie. Kichocho huingia kupitia ngozi kwa dakika chache tu, penye maji yaliyotulia na konokono karibu na ufuo. Oga kwa maji ya bomba au yaliyochemshwa.

MASHIMO YA DHAHABU

Huko Migori, hasa upande wa Macalder na Nyatike, watu huchimba dhahabu kwa mikono. Kuna mashimo marefu yaliyoachwa wazi, mengine yamefunikwa na nyasi. Usiiache njia ya kiongozi hata kwa kutafuta picha nzuri. Tena wachimbaji hutumia zebaki kuikamata dhahabu, na zebaki haiondoki kwa kuchemsha maji. Usinywe maji ya vijito vya maeneo hayo kamwe. Beba maji yako.

Ukiumwa na nyoka, usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na viatu, tulia, kiungo kisitikiswe, ubebwe upelekwe hospitali yenye dawa ya sumu. Kiongozi ajue mapema ni hospitali gani iliyo karibu na ana gari gani la kuwafikisha. Homa Bay na Migori zote zina hospitali za rufaa za kaunti. Muulize swali hilo kabla ya kulipa pesa zako. Akibabaika, mtafute mwingine.

UKISHARUDI NYUMBANI

Malaria haionekani siku uliyoumwa. Dalili huanza siku saba au zaidi baadaye, wakati ambapo umesharudi kazini na umeisahau safari. Ukipatwa na homa, kuumwa na kichwa au kutapika katika wiki zinazofuata, usiseme ni uchovu. Nenda upimwe siku hiyohiyo, na neno la kwanza umwambie daktari liwe: "Nilikuwa Homa Bay." Neno hilo laweza kuokoa maisha yako, kwa maana daktari wa mjini asiyelisikia anaweza kudhani ni mafua.

JIPIME

Jibu maswali haya kwa uaminifu kabla ya kulipa pesa za safari:

1. Je, naweza kupanda orofa nne na bado nikazungumza?

2. Je, kiongozi anajua ugonjwa wangu na dawa ninazotumia?

3. Je, viatu vyangu vimetembea angalau muda wa saa nne?

4. Je, nimeonana na daktari kuhusu malaria?

5. Je, nikichoka, nitasema?

Ukijibu "la" kwa maswali manne ya kwanza, bado una wiki sita za kurekebisha. Swali la tano ni la kikundi kizima. Mtu husema amechoka pale anapojua hatachekwa. Basi ikiwa wewe ndiye mwenye nguvu, uliyetangulia penye kivuli, kazi yako ni moja: mwenzako akifika, msogezee nafasi aketi, mpe chupa ya maji, na usisimame mpaka yeye asimame.

Kata ukurasa huu uusome pamoja na wenzako kabla ya safari. Mlima Homa utakuwa pale mwaka ujao. Haraka ya nini?